Doa Limetokea kwenye Kamera ya Joto: Jinsi ya Kujua Chanzo Chake

Kamera ya joto haioni ndani ya ukuta. Inaona uso wa ukuta, basi. Inapokea mionzi ya infraredi inayotoka kwenye rangi, plasta au kigae, yenye urefu wa wimbi wa mikromita 8 hadi 14 hivi, na kuipa kila nukta rangi kulingana na joto lake. Bomba, waya au maji yaliyojificha hujitokeza pale tu ambapo joto au ubaridi wake umepenya hadi juu. Usipopenya, picha itatoka safi kabisa na tatizo litaendelea kuwepo nyuma yake.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Doa la bluu peke yake halisemi lolote: linaweza kuwa maji, pengo kwenye kihami joto (tabaka la kuzuia joto lisipite), upepo wa kiyoyozi, au anga lililoakisiwa kwenye kigae. Swali la kujiuliza ni kwa nini hapa, kwa umbo hili, saa hii. Halafu thibitisha kwa njia nyingine kabla mtu hajashika nyundo.

Picha inatisha, lakini nyumba haina dalili yoyote

Anza hapa kila mara, hata kama una hakika na ulichokiona.

Kamera nyingi hujipangia zenyewe kipimo cha rangi. Sehemu yenye joto dogo kuliko zote kwenye fremu hupewa bluu au nyeusi, yenye joto kubwa hupewa nyeupe, hata kama tofauti kati yao ni nusu ya nyuzi moja. Ukuta wenye nyuzi 24.2 huku na 24.8 kule utaonekana kama unaungua. Kabla ya kutazama rangi, soma tarakimu mbili zilizo kwenye ncha za mstari wa rangi. Kisha funga kipimo kwa mkono. Kwa ukaguzi wa ndani ya chumba upana wa nyuzi 5 hadi 10 unatosha, na usiubadilishe unapohama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, la sivyo picha zako hazitalinganishika.

Kumbuka pia kwamba kamera hizi ni hodari wa kulinganisha kuliko kupima. Kamera ya kawaida ya ukaguzi wa majengo hutofautisha nukta zinazopishana kwa nyuzi 0.05 hadi 0.1, ilhali joto lenyewe inalolitaja linaweza kukosea kwa nyuzi 2 juu au chini na bado ikahesabika kuwa nzima. Kauli kwamba hapa pamepungua nyuzi 3 kuliko pembeni ina uzito kuliko kauli kwamba hapa ni nyuzi 21. Washa kamera, iache dakika 5 hadi 10 izoee hewa ya chumba, ndipo uanze.

Chanzo cha pili cha madoa ya uongo ni kuakisi. William Herschel alipoweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu ya upinde wa prizimu mwaka 1800, alikuta joto linapanda mahali ambapo jicho halioni kitu. Kilichokuwa pale ni mwanga, na mwanga hugonga na kurudi. Vigae vinavyong'aa, vioo, bati jipya, sinki la chuma na hata rangi ya mafuta hurudisha infraredi ya vitu vilivyo mbele yake, ukiwemo wewe uliyeshika kamera. Dawa ni rahisi: sogea hatua mbili kushoto, kisha kulia. Doa likikufuata, ni taswira yako. Doa la kweli halihami. Usisimame sawia kabisa mbele ya uso unaong'aa, wala usiupige kwa upande sana. Simama kwa mshazari kidogo.

Kioo kinastahili neno lake. Kwa jicho kipo wazi, kwa kamera ya joto ni kama kimepakwa rangi: huoni kilicho nje ya dirisha, unaona joto la kioo chenyewe pamoja na sura yako. Mfuko mwembamba wa plastiki mweusi ni kinyume chake. Mkono ulio ndani yake jicho halioni, lakini kamera inauona karibu wote.

Metali tupu ndiyo mtego mbaya zaidi. Kila uso una kiwango chake cha kutoa mionzi, ambacho kwenye menyu ya kamera huitwa emisiviti, kati ya 0 na 1. Ukuta uliopakwa rangi, matofali, mbao na ngozi ya mtu viko juu ya 0.9, kwa hiyo ukiacha kamera kwenye 0.95 hutapotea sana. Alumini iliyosuguliwa iko karibu na 0.05. Hapo kamera inasoma takriban mazingira matupu, na bomba la chuma lenye maji ya nyuzi 60 linaweza kuonekana kama lipo nyuzi 30. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme juu ya metali, subiri dakika chache kishike joto lake, kisha pima juu ya utepe. Kama metali inaweza kuwa na umeme au iko kwenye joto la kuunguza, usiibandike kitu.

Kuna jua pia. Ukuta uliopigwa na jua la alasiri hubaki na joto kwa saa nyingi baada ya machweo, na kivuli cha mti kilichoangukia hapo mchana kinaweza kuonekana usiku kama doa la maji. Kuta za nje zipigwe picha alfajiri kabla jua halijatoka, au siku yenye mawingu mazito.

Mwisho, umbali. Tuseme kamera yako ina pikseli 160 kwa 120 na lenzi inayoona pembe ya nyuzi 55. Ukisimama mita 2 kutoka ukutani, fremu ina upana wa mita 2 na kidogo, na kila pikseli moja inafunika milimita 13. Ili kipimo kiaminike unahitaji kitu kinachojaza pikseli tatu kwa tatu, yaani karibu sentimita 4. Skrubu ya soketi haifikii hapo. Kutoka mita 2 kamera itachanganya joto la skrubu na la plastiki iliyoizunguka na kukupa wastani unaoliwaza. Sogea hadi nusu mita.

Doa baridi darini

Hili ndilo linaloitisha mafundi wengi, na ndilo lenye majibu mengi. Angalia umbo kwanza.

Maji hayana mistari iliyonyooka. Doa la unyevu lina kingo zinazofifia polepole, huvimba upande mmoja, na juu ya ukuta huteremka. Pengo la kihami joto ni la mstatili, limebanwa kati ya mbao mbili za dari, na kingo zake zimekatika kama kwa rula. Mistari membamba inayojirudia kwa umbali ulio sawa ni mbao au vyuma vyenyewe vinavyobeba dari, na hiyo mara nyingi ni kawaida ya ujenzi. Vidole vya ubaridi vinavyotoka kwenye kona au kwenye taa ya darini na kuchanua kama mkia wa jogoo ni hewa inayopenya. Na doa la mviringo mbele ya kiyoyozi ni kiyoyozi. Kizime nusu saa na upige tena.

Ukishuku maji, elewa kwa nini maji huonekana ya baridi. Uso wenye unyevu hupoteza joto kwa uvukizi. Hewa ikiwa nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 50, uvukizi unaweza kushusha uso ulioloa hadi karibu na nyuzi 20.5, hiyo ndiyo tofauti kubwa kabisa inayowezekana, na ukutani huwa pungufu ya hapo. Unyevu wa hewa ukipanda hadi asilimia 90, nafasi hiyo hubaki nyuzi moja na nusu tu. Kwa lugha nyepesi: katikati ya mvua, dari inapovuja kwa kweli, kamera inaweza isione kitu. Subiri mvua ikatike, fungua madirisha hewa ikauke, halafu piga picha wakati dari bado ina maji.

Hapo ndipo feni inapofaa. Elekeza feni kwenye doa kwa dakika 10. Doa la maji litazidi kupoa na kingo zake zitajichora vizuri zaidi, kwa sababu upepo unaongeza uvukizi. Pengo la kihami joto halitafanya hivyo. Litasogea kuelekea joto la hewa ya chumba na kufifia. Jaribio hili halifanyi kazi vizuri kwenye dari iliyopakwa rangi ya mafuta, ambayo huziba uvukizi.

Baada ya hapo weka kipima unyevu, kile chenye pini mbili. Gusa katikati ya doa, gusa ukingoni, gusa mita moja pembeni palipo pakavu. Unachotafuta ni tofauti kati ya namba hizo tatu. Zikilingana zote, hakuna maji, na uachane na wazo la kufungua dari.

Kama maji yamethibitika, usidhani paa limetoboka juu ya doa hasa. Maji huingia kwenye msumari au kwenye maungio ya bati, hutambaa kwenye mbao za kenchi, na hudondoka pale mbao inapokutana na kitu. Piga picha kuelekea upande wa juu wa mteremko wa paa. Mara nyingi utaona mkanda mwembamba wa ubaridi unaounganisha doa na chanzo. Ukitaka kumwaga maji ya mpira ili kujaribu, anza sehemu ya chini ya mteremko wa paa na upande juu kipande kwa kipande, ukisubiri kila kipande kabla ya kuhamia kingine. Anayeanzia juu huloesha kila kitu kwa mara moja na hatajua tundu ni lipi.

Na kuna doa baridi ambalo ni maji lakini si uvujaji. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26. Bomba la shaba la kiyoyozi lililovuliwa sponji yake ndani ya dari litatona kutwa nzima kwa utaratibu huo, na mwenye nyumba atapanda juu ya paa kutafuta tundu lisilokuwepo. Ukiona doa linakua kiyoyozi kinapofanya kazi na kukauka kinapozimwa siku mbili, fuatilia bomba lake na mpira wake wa kutolea maji kabla ya kugusa bati.

Unyevu kwenye sehemu ya chini ya ukuta

Rangi inabanduka, plasta inatoa unga mweupe, chumba kina harufu ya kuvu. Kamera hapa haitakuambia chanzo moja kwa moja. Itakuonyesha ramani ya unyevu, na ramani hiyo ina kauli.

Mkanda wa ubaridi unaokwenda sawasawa ukutani kote, kwa kawaida usiozidi mita moja kutoka sakafuni, unaelekeza kwenye maji yanayopanda kutoka ardhini, pale ambapo karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi haipo au imechanika. Kichuguu kimoja chenye kilele, kikipungua pande zote mbili, kinaelekeza kwenye bomba. Kama kilele kiko mkabala na bafu la upande wa pili, mshuku sili ya sinia la bafu au maungio ya vigae kwanza. Bomba lenyewe ni la mwisho kulaumiwa. Unyevu ulioko kwenye ukuta wa nje tu, huku udongo wa nje ukiwa juu kuliko sakafu ya ndani, una jibu lake nje. Na ubaridi ulioko kwenye kona na nyuma ya kabati, asubuhi zaidi kuliko jioni, ni umande wa chumba kisichopitisha hewa.

Kipima unyevu hapa kitumike kwa tahadhari. Ule unga mweupe ni chumvi, na chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo kifaa cha pini kinaweza kusoma unyevu mkubwa kwenye ukuta uliokwisha kauka. Pangusa unga kwanza, sukuma pini zizame ndani ya plasta kidogo, na ulinganishe na picha. Kamera ikisema pakavu na kipimo kikisema maji, chumvi ndiyo inayoongea.

Mita ya maji inazunguka na koki zote zimefungwa

Usianze na kamera. Anza na valvu. Funga koki zote, tazama kile kigurudumu kidogo cha mita. Kikizunguka, funga valvu ya kuingiza maji kwenye hita. Mita ikisimama, uvujaji uko upande wa maji moto, na hiyo ni bahati, kwa sababu maji moto ndiyo kamera inayoyapenda.

Ondoa mazulia. Acha sakafu ipoe usiku kucha, piga picha ya mwanzo, kisha fungua hita na koki ya maji moto ya mbali kuliko zote kwa dakika kadhaa. Piga picha kila baada ya dakika 5 kutoka mahali palepale. Bomba lisilovuja huonekana kama mstari unaochomoza na kisha kufifia ukishafunga koki. Mahali panapovuja mstari unavimba, na uvimbe huo unaendelea kutanuka wakati sehemu nyingine zinapoa, kwa kuwa maji moto yanasambaa kwenye mchanga chini ya zege. Bomba likiwa chini sana subira ni ya nusu saa au zaidi, na uvimbe utakuwa mpana kuliko tundu lenyewe. Kivunje kigae cha katikati ya uvimbe, siyo cha ukingoni.

Uvujaji wa maji baridi chini ya zege ni habari nyingine. Maji yaliyokaa ardhini yana joto lilelile la ardhi, hakuna tofauti ya kuona. Fundi bomba anaweza kuingiza maji moto kwa muda kwenye mfumo huo kama mabomba yanavumilia, au akatumia kifaa cha kusikiliza na kipimo cha presha. Anayekuahidi kuuona kwa kamera pekee anakuuzia picha.

Soketi, swichi au breka yenye joto

Neno la usalama kwanza, kwa sababu hapa kosa halirekebishwi. Soketi yenye harufu ya plastiki iliyoungua, rangi ya kahawia pembeni ya matundu, au sauti ya kukaanga haihitaji kamera. Zima umeme, mwite fundi. Na kufunika au kufunua bodi ya umeme ikiwa hai ni kazi ya fundi umeme mwenye sifa, hata kama unataka picha tu.

Umeme usiotumika hautoi joto. Ukaguzi wa nyumba ambayo taa mbili ndizo zinazowaka utakuta kila kitu kiko salama, na hiyo ndiyo ripoti isiyo na maana kuliko zote. Washa hita ya maji, pasi, oveni, viyoyozi, na uviache vikivuta kwa nusu saa au zaidi. Mwongozo unaotumika sana kwenye kazi hii unataka saketi ibebe angalau asilimia 40 ya uwezo wake. Sababu iko kwenye hesabu: joto kwenye muunganisho mbovu hupanda kwa kipeo cha pili cha mkondo. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huwa mara nne. Skrubu iliyozidi wenzake kwa nyuzi 8 kwenye nusu ya mzigo inaweza kuwazidi kwa nyuzi 30 mzigo ukijaa.

Sasa soma mwelekeo wa joto. Joto likiwa kali kwenye skrubu na kupungua kadiri waya unavyoondoka, muunganisho umelegea au umeota kutu. Hii ndiyo picha ya kawaida na ndiyo yenye hatari. Joto likiwa sawa waya mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho unaoonekana, waya ni mwembamba kwa mzigo uliopewa au mzigo umezidi. Kukaza skrubu hakutasaidia. Breka moja ikiwa na joto mwili mzima, pima mkondo wake kabla ya kuihukumu, kwani huenda ni hiyo peke yake inayofanya kazi kubwa. Kwenye nyumba ya fezi tatu, breka moja iliyopoa kuliko mbili zenzake nayo ni dalili: huenda fezi hiyo haina mzigo kabisa, au imekatika.

Vipo vitu ambavyo joto ni maisha yao: dima za taa, chaja, transfoma ndogo ya kengele, kisanduku cha intaneti, na baadhi ya breka za kinga zenye elektroniki ndani. Hivi vilinganishe na vya aina yake, usivilinganishe na ukuta.

Kulinganisha ndiyo kanuni. Vifaa viwili vinavyofanana, vyenye mzigo unaokaribiana, vikipishana kwa nyuzi 1 hadi 3, andika na uangalie tena baadaye. Vikipishana kwa nyuzi 4 hadi 15, panga matengenezo. Ikizidi 15, irekebishwe mara moja. Hivyo ndivyo ukaguzi wa kitaalamu wa mifumo ya umeme unavyogawa uzito wa tatizo, lakini kumbuka unapima kifuniko cha plastiki. Ndani yake skrubu ina joto kubwa zaidi kwa kiasi ambacho kamera haiwezi kukuambia. Waya wa kawaida wa nyumbani wenye ganda la PVC umetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 kwenye shaba yake. Kifuniko kilichofika nyuzi 50 chumba kikiwa na 28 hakina haja ya mjadala.

Shaba inayong'aa ndani ya bodi itakuonyesha baridi ya uongo au joto la uongo, kama ilivyoelezwa hapo juu. Pima kwenye ganda la waya sentimita moja kutoka kwenye skrubu. Ganda lina emisiviti nzuri, na joto la skrubu hulifikia.

Fundi akishakaza skrubu, umeme ukiwa umezimwa, washa tena, rudisha mzigo uleule na upige picha ileile. Bila picha ya pili hujui kama umetibu.

Chumba hakishiki ubaridi, au hakishiki joto

Hapa unahitaji tofauti kati ya ndani na nje ya nyuzi 10 hivi, iliyodumu kwa saa kadhaa. Mahali pa joto, washa kiyoyozi mapema na upige picha mchana kutoka ndani. Mahali pa baridi, washa joto na upige alfajiri. Kuta zenye joto la nje na ndani sawa hazina cha kusema.

Kihami joto kilichokosekana hakibadiliki ukifungua au kufunga mlango. Hewa inayopenya hubadilika. Funga madirisha, washa feni za kutoa hewa za jikoni na bafuni kwa dakika 15, ili nyumba ivute hewa kupitia nyufa zake zote, na upige picha kabla na baada. Wakaguzi hufanya hivyo kwa feni kubwa inayofungwa mlangoni na kushusha presha ya nyumba kwa paskali 50. Feni za jikoni hazifiki huko lakini nyufa kubwa zitajitokeza. Michirizi mipya iliyozuka kwenye fremu za madirisha, soketi za kuta za nje na mfuniko wa kupandia darini ni hewa. Kijiti kinachotoa moshi kikishikiliwa hapo kitakuonyesha.

Usipime hewa ya kiyoyozi kwa kuelekeza kamera kwenye hewa. Kamera haioni hewa. Ning'iniza kipande cha karatasi mbele ya tundu la kutolea na kingine mbele ya la kuvutia, subiri, pima karatasi. Tofauti ya takriban nyuzi 8 hadi 12 kwa kawaida ina maana mashine inapoza ipasavyo na kosa liko kwenye chumba.

Paa bapa linavuja, haijulikani wapi

Kwa paa bapa lenye tabaka la kihami joto chini ya lami au karatasi ya kuzuia maji, jioni baada ya siku ya jua kali ndiyo wakati wake. Maji hushika joto zaidi ya mara nne kuliko zege la uzito uleule, kwa hiyo sehemu iliyonyonya maji hupoa polepole na kubaki na mwanga baada ya sehemu kavu kupoa. Paa liwe kavu juu, bila vidimbwi, bila upepo mkali. Weka alama kwa chaki palepale juu ya paa, maana kesho asubuhi hakuna kitakachoonekana. Kwenye zege tupu lisilo na tabaka hilo tofauti ni dogo na matokeo ni ya kubahatisha. Kwenye bati linalong'aa acha kabisa, utakuwa unapiga picha ya anga, na anga safi la usiku litasomeka chini ya sifuri.

Doa la joto mahali pasipo waya wala bomba

Kwanza maliza majibu mepesi: friji upande wa pili wa ukuta, bomba la moshi, mtu aliyeegemea hapo dakika chache zilizopita, jua lililopitia dirishani. Subiri saa moja na upige tena.

Doa likibaki palepale usiku na mchana, la mviringo, likiuzidi ukuta kwa nyuzi chache, weka sikio ukutani. Nyuki hutunza watoto wao kwenye joto la nyuzi 34 hadi 36, na kundi kubwa ndani ya ukuta mwembamba au dari ya jipsamu huonekana wazi kabisa, zaidi usiku wakati ukuta umepoa na nyuki wote wamerudi. Usizibe tundu lao la nje. Watatafuta njia nyingine, na njia hiyo mara nyingi huishia chumbani. Kuwaua na kuacha masega ndani si jibu pia: bila nyuki wa kuyapepea, nta hulainika siku za joto, asali hushuka ndani ya ukuta, na wiki chache baadaye mtu mwingine atakuja na kamera kutafuta uvujaji wa maji. Mwite mfugaji nyuki, mpe picha yenye kipimo cha rangi kilichofungwa ili aone kundi linaishia wapi, na ukuta ukatwe hapo hapo, masega yatoke yote.